Jeraha la Alexander Hamilton

Jeraha la Alexander Hamilton ni jeraha la risasi alilopata mwanasiasa huyo wa Marekani tarehe 11 Julai 1804, katika pambano la bastola dhidi ya Aaron Burr, aliyekuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo. Risasi iliingia ubavu wa kulia, ikatoboa ini na kukwama katika uti wa mgongo, sehemu ya kiuno. Hamilton alifariki siku iliyofuata, tarehe 12 Julai, yapata saa 8 mchana, yaani saa 31 hivi baada ya kupigwa.

Jeraha hili linajulikana kwa undani kuliko majeraha mengi ya zama zile, kwa sababu daktari wake, David Hosack, aliandika barua ndefu tarehe 17 Agosti 1804 kwa William Coleman, mhariri wa gazeti la New York Evening Post. Ndani yake alieleza alichokiona tangu alipoitwa uwanjani hadi mgonjwa alipokata roho, akaongeza matokeo ya uchunguzi wa maiti. Mara nyingi husemwa kwa kifupi kwamba Hamilton alivuja damu mpaka akafa. Maelezo ya Hosack mwenyewe yakisomwa kwa makini hayaungi mkono jibu jepesi namna hiyo.

Pambano

Hamilton alizaliwa visiwani Karibi mwaka 1755 au 1757. Kwa hiyo alipokufa alikuwa na umri wa miaka 49 au 47. Alikuwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani, kuanzia 1789 hadi 1795. Uhasama wake na Burr ulikuwa wa miaka mingi. Ulifikia kilele mwaka 1804, baada ya Burr kushindwa katika uchaguzi wa gavana wa jimbo la New York, na baada ya gazeti moja kuchapisha barua iliyodai kwamba Hamilton alimsema Burr vibaya faraghani. Burr alidai aombwe radhi, Hamilton hakukubali, na wakapeana miadi ya kupambana.

Pambano la namna hiyo lilikuwa desturi ya waungwana wa Ulaya na Marekani: watu wawili wenye ugomvi wa heshima walisimama mbali kwa hatua walizokubaliana na kupigana risasi mbele ya wapambe wao. Sheria iliharamisha jambo hilo New York na New Jersey pia, lakini New Jersey haikuwa kali sana katika kuwafuatilia wahusika. Kwa hiyo watu wa New York walizoea kuvuka mto Hudson kwa mashua hadi Weehawken, kwenye kijukwaa cha ardhi chini ya majabali. Mpambe wa Hamilton alikuwa Nathaniel Pendleton, na wa Burr alikuwa William P. Van Ness. Daktari na wapiga makasia walikaa mahali wasipoweza kuona, ili wakiitwa mahakamani waseme kwa kweli kwamba hawakuona kitu. Ndiyo sababu Hosack, shahidi wetu mkuu wa jeraha, si shahidi wa risasi zenyewe.

Risasi zilifyatuliwa muda mfupi baada ya saa 1 asubuhi. Ya Burr ilimpiga Hamilton. Ya Hamilton ilipita juu na kukata tawi la mwerezi.

Bastola na risasi

Bastola zilizotumika zilitengenezwa London na kampuni ya Wogdon na Barton, nazo zilikuwa mali ya John Barker Church, shemeji wa Hamilton. Mdomo wake ulikuwa na upana wa karibu milimita 14, ambao ni mkubwa hata ukilinganishwa na bastola nyingi za leo. Risasi ilikuwa gololi ya madini ya risasi yenye uzito wa gramu 15 hivi. (Kiswahili hutumia neno moja kwa madini na kwa kitu kilichotengenezwa nayo, wakati huo vilikuwa kweli kitu kimoja.)

Gololi kama hiyo haikuwa na kasi ya risasi za bunduki za kisasa. Risasi ya kasi kubwa hupasua hata nyama zilizo mbali na njia yake, kwa kuzisukuma ghafla pembeni. Gololi ya mwaka 1804 ilitoboa njia yake zaidi ya kupasua vya pembeni, lakini ilikuwa nene na nzito, na kwa umbali wa hatua kumi ilibaki na nguvu ya kutosha kuvunja mfupa zaidi ya mmoja. Tena ilikuwa na tabia mbaya ya kuingia mwilini pamoja na vipande vya nguo. Kwa mgonjwa aliyepona siku za mwanzo, vipande hivyo vilileta usaha.

Njia ya risasi mwilini

Hosack anaandika kwamba risasi ilipiga ubavu wa pili au wa tatu kati ya zile ziitwazo mbavu za uongo, ikauvunja karibu na katikati yake. Kisha ikapita katika ini na kiwambo, na kukwama katika pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Pingili hiyo ilisagika kiasi kwamba vibanzi vya mfupa viliguswa kwa kidole. Ndani ya tumbo palikutwa damu iliyoganda, kiasi cha painti moja, ambayo Hosack aliona kuwa huenda ilitoka kwenye mishipa ya ini iliyokatika.

Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanasema mengi kwa msomaji anayejua ramani ya mwili. Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Jozi saba za juu zimeungana moja kwa moja na mfupa wa kidari. Tano za chini hazikuungana hivyo, nazo ndizo mbavu za uongo. Ya pili na ya tatu kati yake, kwa kuhesabu kutoka juu, ni ubavu wa 9 na wa 10. Mwanafunzi anaweza kupapatapapata ubavuni mwake upande wa kulia, chini ya kwapa, akishuka hadi karibu na mwisho wa mbavu: hapo ndipo risasi ilipoingia. Nyuma ya mbavu hizo limelala ini, kiungo kikubwa kilichojaa damu.

Katikati ya ubavu ni pembeni mwa mwili, si mbele. Kwa hiyo risasi ilimpata Hamilton akiwa amegeuka upande, kama walivyosimama wapiganaji wa bastola ili kupunguza sehemu ya kulengwa: bega la kulia mbele, mkono wa bastola umenyooshwa. Kijana wake Philip, aliyeuawa katika pambano kama hilo na karibu na mahali hapohapo Novemba 1801, alipigwa pia upande wa kulia, juu ya nyonga. Ule msimamo uliodhaniwa kuwa kinga uliligeuza ini kuwa ngao.

Ukipima pia kimo, sehemu hiyo ya ubavuni haitofautiani sana na kimo cha pingili za juu za kiuno. Risasi basi ilisafiri karibu ulalo, kutoka kulia kwenda katikati ya mwili, kama inavyotarajiwa kwa watu wawili waliosimama juu ya ardhi tambarare.

Jambo moja katika orodha ya Hosack linastahili kuangaliwa zaidi. Anataja ini kwanza, kiwambo baadaye. Kiwambo ni ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Upande wa kulia umelifunika ini kama kofia, hivyo kitu kinachotoka ubavuni hukutana na kiwambo kwanza. Hata hivyo kiwambo kina pia miguu ya nyuma, yaani kano nene zinazoshuka na kushika pingili za juu za kiuno. Risasi iliyopita ini kisha ikaelekea kwenye pingili hizo ingeweza kukutana na kiwambo mara mbili: mwanzoni na mwishoni mwa safari yake. Kwa hiyo mpangilio wa Hosack si lazima uwe wa kubahatisha.

Kati ya ini na pingili hizo pana msongamano wa viungo vya hatari: figo ya kulia, sehemu ya utumbo mwembamba, na hasa vena kava ya chini, mshipa mpana unaorudisha damu kutoka miguuni na kupanda ukiambatana na upande wa kulia wa pingili. Aota, mshipa mkuu wa kupeleka damu, iko upande wa pili kidogo tu. Mmojawapo ungepasuliwa wazi, Hamilton asingefika kwenye mashua. Kuishi kwake zaidi ya siku nzima kunaonyesha kwamba mishipa hiyo mikuu haikupasuliwa wazi.

Uwanjani na ndani ya mashua

Hosack alipoitwa alimkuta Hamilton ameketi nusu juu ya ardhi, ameshikwa mikononi na Pendleton. Hamilton alimwambia kwamba jeraha hili ni la kufa, kisha akazimia. Daktari hakusikia mapigo ya mshipa, hakuona pumzi, na alipoweka mkono juu ya moyo hakuhisi mwendo wowote. Alidhani amekwisha. Kwa msaada wa Pendleton na wapiga makasia alimbeba hadi mashuani, wakaanza kuondoka. Humo ndani alimsugua usoni, midomoni, kwenye panja, shingoni na viganjani kwa dawa ya majimaji yenye harufu kali ya amonia, iliyokuwa ikitumika kuwazindua waliozimia. Walipokuwa mita 50 hivi kutoka ukingoni, Hamilton alianza kuvuta pumzi kwa shida. Baada ya dakika chache alifumbua macho na kusema kwamba haoni vizuri.

Je, moyo ulikuwa umesimama? Hapana. Moyo uliosimama kwa dakika kadhaa hauamshwi kwa kusuguliwa amonia. Hosack hakuwa na kifaa cha kusikilizia moyo. René Laennec wa Ufaransa alikibuni mwaka 1816. Alikuwa na kiganja chake tu, na kiganja hakitambui mapigo dhaifu sana. Inaelekea zaidi kwamba msukumo wa damu ulishuka ghafla kwa maumivu makali na kwa damu iliyotoka kwenye ini, ubongo ukakosa damu ya kutosha, mgonjwa akazimia. Kulazwa kwake mashuani kulirudisha damu kichwani. Hata malalamiko kwamba haoni vizuri ni ya mtu ambaye msukumo wake wa damu unaanza kupanda tena.

Wengine wangefikiri kwamba ni jeraha la mgongo lililomwangusha hivyo. Ni kweli kwamba kuumia kwa ugwe wa mgongo (ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti) kunaweza kulegeza mishipa ya damu ya mwili mzima. Lakini hilo huonekana zaidi ugwe unapoumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua. Neva zinazosimamia mishipa ya damu hutoka kwenye ugwe kuanzia mwanzo wa kifua hadi mwanzo wa kiuno. Kwa hiyo jeraha la pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno huziacha nyingi zikiwa nzima.

Mashua ilipokaribia upande wa New York, Hamilton aliuliza mara moja au mbili daktari anayaonaje mapigo yake, kisha akasema miguu yake imepoteza hisia zote. Hosack aliibadilisha mkao, lakini haikusaidia kitu. Dalili hiyo inaoana kabisa na kilichokutwa baada ya kifo. Kwa mtu mzima ugwe wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo kuna fungu la nyuzi za neva ambalo wanaanatomia hulifananisha na mkia wa farasi. Risasi ilikwama mahali hasa ambapo ugwe unakwisha na mkia huo unaanza. Neva za miguu, za kibofu na za utumbo mpana zote hupita hapo. Vibanzi vya mfupa na mshindo wa risasi vilitosha kuziharibu, hata kama gololi yenyewe haikuingia ndani ya tundu la uti.

Katika nyumba ya Bayard

Hamilton alipelekwa nyumbani kwa rafiki yake William Bayard, karibu na ufuko, katika eneo la Greenwich la New York. Alipewa divai iliyochanganywa na maji, akavuliwa nguo na kulazwa katika chumba chenye giza. Hapo maumivu ya mgongo yakazidi sana. Hosack alimpa laudanamu, yaani afyuni iliyoyeyushwa katika kileo, zaidi ya aunsi moja siku ile ya kwanza. Ni kama mililita 30. Alimkanda pia kwa maji ya vuguvugu yenye dawa ya kutuliza maumivu. Juu ya hayo yote, Hosack anasema mateso ya siku ile yalikuwa karibu hayavumiliki.

Daktari mwingine, Wright Post, aliitwa na kukubaliana naye kwamba hakuna tumaini. Balozi mdogo wa Ufaransa, Jenerali Rey, alileta madaktari wa upasuaji kutoka manowari za Kifaransa zilizokuwa bandarini, kwa kuwa walikuwa na uzoefu wa majeraha ya risasi. Ili mgonjwa asisumbuliwe, Hosack aliwaeleza hali yake, na mmoja wao tu akaenda kitandani. Nao walisema vilevile.

Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba madaktari hawakufanya kitu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kutofanya kitu ndiyo ilikuwa busara yao. Barua ya Hosack haitaji popote kumtoa damu mgonjwa, ingawa kutoa damu kulikuwa tiba ya kila siku wakati huo. George Washington alitolewa damu nyingi sana saa chache kabla ya kufa kwake Desemba 1799. Haitaji pia kuchokonoa jeraha kwa chuma ili kuitafuta risasi. Mashuani alimbonyeza ubavuni kidogo ili kujua kama damu inatoka kwa wingi, na alipoona anamuumiza akaacha. Hosack alisomea pia Edinburgh, na alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea ya dawa. Bustani yake ya mimea ilikuwa mahali ambapo leo pana majengo ya Rockefeller Center.

Usiku Hamilton alipata usingizi wa mang'amung'amu. Asubuhi dalili zake zilizidi kuwa mbaya, ingawa maumivu yalipungua. Akili yake ilibaki timamu. Alimwona mkewe Elizabeth na watoto wao saba waliobaki, akapokea ekaristi kutoka kwa Askofu Benjamin Moore, akafa mchana.

Kilichomuua

Tuanze na damu. Painti moja ni karibu nusu lita, kiasi kinacholingana na kile anachotoa mtu mzima mwenye afya anapochangia damu hospitalini, kisha akanywa soda na kurudi kazini. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kupoteza nusu lita peke yake hakuui.

Lakini painti ile ni ya damu iliyoganda ndani ya tumbo, tena Hosack anakiri kwamba uchunguzi haukuwa wa kina. Hasemi lolote kuhusu kifua, wala kuhusu nafasi iliyo nyuma ya tumbo, kati ya utando wake na misuli ya mgongo. Nafasi hiyo ya nyuma inaweza kubeba damu nyingi bila tone kuonekana tumboni, na risasi iliishia hapo hasa. Pingili iliyosagika nayo huvuja damu. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba Hamilton alipoteza damu zaidi ya painti moja, lakini ilitoka polepole. Kama ingekuwa ya haraka, asingerudiwa na fahamu mashuani na kuzungumza na watu hadi siku ya pili.

Mfano wa kulinganisha ni wa Admirali Horatio Nelson, aliyepigwa risasi katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805, miezi 15 baadaye. Yeye pia risasi ilivunja uti wa mgongo, naye pia alimwambia daktari wake kwamba amepoteza hisia za sehemu ya chini ya mwili. Lakini risasi ya Nelson ilipita kwenye pafu na kukata mshipa ndani yake, akafa baada ya saa tatu hivi. Huyo ndiye aliyekufa kwa kuvuja damu. Saa 31 za Hamilton ni habari nyingine.

Uambukizo nao hauelezi kila kitu. Vijidudu vilivyoingia na vipande vya nguo kwa kawaida huchukua siku kadhaa kuua. Lau utumbo ungetobolewa, uchafu wake ungeharakisha mambo, lakini Hosack hataji utumbo. Kuna pia nyongo: ini lililotobolewa huivujisha tumboni, nayo huuchoma utando wa tumbo kama tindikali, ikileta maumivu makali na kuuvuta maji ya mwili kutoka kwenye damu. Mtu aliyekwisha punguza damu huzidi kudhoofu.

Halafu kuna laudanamu. Afyuni hupunguza nguvu ya kupumua, na mofini iliyomo ndani yake huvunjwavunjwa na ini, kiungo kilekile kilichokuwa kimepasuliwa. Dozi kubwa kwa mgonjwa wa namna hii ingeweza kurundikana. Hakuna sababu ya kumlaumu Hosack. Alikuwa na mgonjwa asiye na tumaini na mwenye maumivu makali, na hakuna dawa nyingine iliyokuwepo yenye nguvu kama hiyo. Lakini kupungua kwa maumivu asubuhi ile, huku dalili nyingine zikizidi, kunafanana na mtu anayezama, si anayepona.

Maelezo yanayokubaliana vizuri zaidi na barua ya Hosack ni haya basi: kuvuja damu polepole kutoka kwenye ini na pengine nyuma ya tumbo, kuchomwa kwa utando wa tumbo na nyongo, mshtuko wa mwili kutokana na kuvunjika kwa uti, na afyuni juu yake. Vikiwa pamoja vilitosha. Kimoja kimoja, vingeweza kumwacha aishi siku nyingi zaidi, ila si kupona.

Je, angeweza kuokolewa?

Mwaka 1804, hapana. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867. Eksirei, ambayo ingeionyesha risasi ilipo, ni ya mwaka 1895, na makundi ya damu, ambayo bila kuyajua kumwongezea mtu damu ni bahati nasibu, yalielezwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Kumpasua tumbo Hamilton akiwa macho, kwa mikono na visu visivyosafishwa, kungekuwa njia fupi zaidi ya kumuua.

Jambo ambalo husahaulika ni kupooza kwake. Hata kama ini lingepona, mtu aliyepooza miguu na kibofu katika karne ya 19 alikuwa na maisha mafupi: vidonda vya kulala kitandani na uambukizo wa mkojo vilimmaliza. Hali hiyo ilianza kubadilika wakati wa Vita Kuu ya Pili, hasa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ambako daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944.

Rais James Garfield ni mfano unaosikitisha zaidi. Alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881. Ilivunja ubavu wa kulia wa nyuma na kupita katika pingili ya kwanza ya kiuno, karibu sana na mahali pa Hamilton, lakini mbele ya tundu la ugwe, hivyo hakupooza. Madaktari wake waliingiza vidole na vyuma vichafu jerahani mara nyingi wakitafuta risasi. Alioza kwa usaha na kufa tarehe 19 Septemba. Miaka 77 baada ya Hosack, madaktari wa rais walikuwa na elimu zaidi na subira ndogo zaidi.

Leo, majeruhi mwenye jeraha kama la Hamilton akifikishwa mapema katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu ya kutosha na picha ya CT ana nafasi nzuri ya kuishi. Ini linalovuja hukandamizwa kwa vitambaa safi hadi damu isimame, nyongo huondolewa kwa mrija, antibiotiki hutolewa. Miguu ni jambo lingine. Neva zilizokatwa kabisa mahali pale hazirudi, na Hamilton wa leo angekuwa mwanasiasa wa kiti cha magurudumu.

Nani alifyatua kwanza?

Wapambe wawili walikubaliana kwamba risasi mbili zilifyatuliwa moja baada ya nyingine, lakini hawakukubaliana ni ipi iliyotangulia. Van Ness alisema Hamilton alianza. Pendleton alisema Burr alianza, na kwamba bastola ya Hamilton ilifyatuka yenyewe mkononi mwake kwa mshtuko wa kupigwa. Hamilton alikuwa ameandika kabla ya pambano kwamba alikusudia kutompiga Burr kwa risasi yake ya kwanza.

Wapo wanaotumia tiba kuamua swali hili, na hapo inafaa kuwa mwangalifu. Neva za mkono hutoka shingoni, si kiunoni, kwa hiyo kuumia kwa pingili ya kiuno hakukunji vidole moja kwa moja. Lakini mtu yeyote anayepigwa ghafla hukaza misuli ya mwili wote bila kutaka, na kidole kilichokwisha wekwa kwenye kifyatuo kinaweza kukivuta. Nadharia ya Pendleton basi inawezekana kimwili, bila kuthibitishwa na jeraha. Tatizo lake ni lile tawi. Baadaye Pendleton alirudi Weehawken, akakuta lilikatwa kwa kimo cha futi 12 na nusu kutoka ardhini, na futi nne hivi pembeni mwa mstari wa kumwelekea Burr. Risasi ya namna hiyo inaweza kutoka kwa mtu aliyekusudia kukosa, au kwa mtu anayeanguka huku mkono wake ukirushwa juu.

Kuna ushahidi mmoja wa kitabibu wenye uzito zaidi. Alipozinduka mashuani, Hamilton aliiona bastola yake, akaonya waichunge kwa kuwa bado haijafyatuliwa. Hakujua kwamba ilikuwa imekwisha kufyatuka. Waliomwamini Pendleton waliona hapo uthibitisho kwamba hakuvuta kifyatuo kwa hiari. Lakini mtu aliyezimia kwa kukosa damu ubongoni anaweza kupoteza kumbukumbu ya dakika zilizotangulia, na Hosack alikuwa amemhesabu miongoni mwa wafu. Maneno yale yanaonyesha alichoamini Hamilton alipozinduka. Hayawezi kuthibitisha alichofanya kabla ya kuanguka.

Burr alishtakiwa New York na New Jersey, lakini hakufikishwa mbele ya mahakama kwa kifo hicho. Alimaliza muda wake wa umakamu mwaka 1805 na kufa mwaka 1836. Hamilton alizikwa tarehe 14 Julai 1804 katika makaburi ya kanisa la Trinity, New York.